Motokari Nyekundu ya Okazio

Kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mtu akirudi toka Ulaya watu hawamwulizi kwanza habari za kazi yake, wala kama alikuwa mgonjwa. Wanamtazama mikono, kisha wanatazama nyuma yake barabarani. Wanataka kuona amekuja na nini. Sisi tulirudi kwa likizo mwaka 2021, na nyuma yetu hapakuwa na kitu. Wengine walicheka. Basi tumeona afadhali tueleze wenyewe namna mambo yalivyokwenda, kuliko kuiacha habari hii ipite mdomo kwa mdomo na kutiwa chumvi.

Tunasema "sisi" kwa sababu tu ndugu watatu, na katika jambo hili hakuna aliyekuwa na akili kuliko mwenzake. Yaya wetu anaendesha basi mjini Bruxelles. Wa pili anabeba mizigo katika ghala, huko Anderlecht. Mdogo wetu ni fundi wa motokari katika garaji ndogo karibu na mfereji. Tulikuwa na sanduku letu la pamoja. Kila mwezi kila mmoja alitia euro 100, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa, hata kwa ugonjwa. Baada ya miaka 6, mwezi wa Oktoba 2018, sanduku lilikuwa na euro 21,600.

Fedha hizi zilikuwa na kazi yake. Wanaoijua Bukavu wanajua vilima vyake. Nyumba ya wazazi wetu imekaa chini ya mteremko, na kila masika udongo wa juu unashuka kidogo, unasogelea jikoni. Tulikuwa tumemwahidi baba ukuta wa mawe, mnene, wenye matundu ya kupitisha maji, wa kuuzuia ule udongo. Fundi alikuwa amekwisha kuja na kamba yake kupima. Baba alikuwa akingoja tu.

Sasa mdogo wetu akatuletea habari ya Ferrari 250 GTO. Tutawaeleza, kwa maana ndiyo iliyotupumbaza, nayo ni habari ya kweli. Kiwanda cha Maranello, katika Italia, kilitengeneza motokari hizi 36 tu, toka mwaka 1962 mpaka 1964. Kule Marekani mpya iliuzwa dola 18,000 hivi. Zilikuwa za mashindano. Miaka ilipopita, zikatokea nyingine zenye nguvu zaidi, nazo zikahesabiwa kuwa vyuma vya zamani. Moja yao tajiri wa Texas aliitoa zawadi mwaka 1964 kwa shule ya sekondari ya mji wa Victoria, ili vijana wajifunze ufundi. Mwaka 1972 shule iliiuza kwa dola 6,500. Aliyeinunua aliiacha juu ya tela, uwanjani, mvua na jua, miaka karibu 15. Motokari nyingine ya namna ile mwaka 2012 ilinunuliwa kwa dola milioni 35! Na ndugu yake mwingine, katika mnada wa California mwezi wa Agosti 2018, alipita dola milioni 48.

Mdogo wetu alisema: "Mnaona? Motokari za namna hii zinashuka, zinafika chini, kisha zinapanda. Mwenye akili ananunua zikiwa chini." Yaya akatikisa kichwa, lakini usiku ule hakulala. Wa pili alianza kuhesabu kwa kalamu nyuma ya bahasha. Tukinunua moja kwa euro 17,500, tukaipangusa vizuri, tukaiuza baada ya miezi 6 kwa 25,000, tutajenga ukuta na jikoni jipya pia. Ni miezi 6 tu. Ukuta ulikuwa umengoja miaka 6, je, hautaweza kungoja miezi 6?

Hatutaji jina la kiwanda cha motokari tuliyonunua, wala la aliyetuuzia. Yeye hakutudanganya neno hata moja. Karatasi ya Car-Pass, ambayo sheria ya Ubelgiji inamtaka muuzaji wa motokari ya okazio aitoe, ilionyesha kilometa za kweli. Karatasi ya ukaguzi ilikuwa safi. Motokari ilikuwa nyekundu, ya watu wawili, moteri ya silinda nane, viti vya ngozi ya rangi ya maziwa. Moteri ilipowashwa, watoto wa nyumba ya pili walitoka mbio. Kusema kweli, tulipoisikia sauti ile hatukukumbuka bahasha tena.

Katika sanduku dogo la mbele tulikuta bahasha nene yenye karatasi zote za motokari hii toka kuzaliwa kwake. Tulizisoma jioni ile tukiwa tumefurahi. Tukazisoma tena mwaka uliofuata bila kufurahi. Zilituonyesha hivi: mwaka 2007 daktari mmoja aliinunua mpya kwa euro 112,000. Mwaka 2010 aliiuza kwa 58,000. Mwaka 2014 huyo wa pili aliiuza kwa 34,000. Na wa tatu ndiye aliyetupa sisi kwa 17,500.

Usiku ule tulimcheka daktari. Tulisema: mtu gani huyu anayetupa euro 54,000 kwa miaka mitatu? Lakini tazameni vizuri fedha zake zilikwenda wapi. Katika zile 112,000, zaidi ya 19,000 zilikuwa kodi ya serikali, maana Ubelgiji unatoza asilimia 21 juu ya kitu kipya. Kodi hiyo hairudi. Siku motokari inapotoka mlangoni kwa muuzaji, imekwisha kuliwa. Tena muuzaji naye alikuwa na faida yake humo ndani. Na furaha ya kuwa mtu wa kwanza kukaa juu ya ngozi ile, hiyo nayo ililipiwa, na haiuziki kwa mtu wa pili. Daktari aliyajua hayo yote. Alilipa kama mtu anavyolipa karamu.

Iko sababu nyingine, na hii tulifundishwa na mzee wa garaji anakofanya kazi mdogo wetu. Ni Mwitalia, baba yake alikuja Ubelgiji kuchimba makaa ya mawe, kama wengi waliokuja baada ya mapatano ya mwaka 1946. Tulimpelekea motokari yetu ili aisifu. Aliizunguka mara mbili, akapiga magoti, akatazama chini yake, akainuka pole pole akishika kiuno.

Akauliza: "Mmelipa kiasi gani?"

Tukasema: "Euro 17,500, bwana."

"Basi bei ya motokari imeshuka. Na breki zake, je, nazo zimeshuka? Nendeni mkaulize bei ya breki, kisha mrudi."

Mdogo wetu alikwenda kuuliza. Alirudi kimya. Breki za mbele na za nyuma, pamoja na mipira minne, zilikuwa euro 3,150. Ilikuwa bei ya breki za motokari ya euro 112,000, kwani ndizo hizo hizo. Hakuna aliyeiambia breki kwamba mwenye motokari sasa ni dereva wa basi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote, wasomaji wapendwa, na sisi tulikuwa tumelitazama kinyume. Tulidhani motokari ya anasa inashuka bei kwa sababu watu ni wapumbavu, hawaoni uzuri wake. Sivyo. Inashuka kwa sababu wanunuzi wa okazio wanajua hesabu. Mtu mwenye uwezo wa kulipa klachi ya euro 4,000 bila kuumia, huyo ana uwezo wa kununua motokari mpya, na ndiyo anayoitaka. Mtu asiye na uwezo huo anaiogopa klachi. Kati ya hao wawili wamebaki watu wachache sana, na bei inabidi ishuke, ishuke tena, mpaka itoshe kumtia mtu moyo wa kujaribu. Bei ndogo ile ni fidia ya mzigo, imekwisha kukatwa mbele. Wanunuzi wengine wote walikuwa wameuona mzigo wakapita. Sisi tulisimama.

Mzee alitueleza pia habari ya garanti. Miaka ya kwanza kiwanda chenyewe kinabeba ugonjwa wa motokari. Kitu kikivunjika, mwenye mali anakunywa kahawa akingoja. Siku garanti inapokwisha, motokari ni ile ile ya jana, haikubadilika hata msumari, lakini bei inaanguka, kwa maana ugonjwa sasa una mwenyewe. Tulirudi kutazama karatasi zetu: daktari aliuza miaka mitatu kamili baada ya kununua. Hakukosea hata mwezi.

Tena kuna mambo ya kundi. Huko Ubelgiji na Ujerumani motokari nyingi kubwa hazinunuliwi na watu, zinakodishwa na makampuni kwa miaka mitatu au minne, kisha zinarudishwa. Zinarudi pamoja kama mbuzi jioni, na soko linajaa. Mwaka huo huo kiwanda kinatoa namna mpya, yenye taa nyingine na uso mwingine. Mtu anayenunua motokari ili aonwe hataki kuonwa ndani ya uso wa zamani. Bentley Continental GT ilitoka mwaka 2003, na huko Uingereza ilihitaji pauni 110,000 hivi. Zile za kwanza zinaweza kupatikana leo chini ya pauni 20,000. Moteri ni ya silinda kumi na mbili, ngozi ni nzuri bado, na anayetaka kuilisha haonekani.

Porsche 911 haianguki namna hiyo, nayo mzee aliisifu ingawa si ya Kiitalia. Toka mwaka 1964 umbo lake limebadilika kidogo kidogo tu, hata mpya haiitii aibu ya zamani. Tena mtu anaweza kuiendea kazini kila siku, na mafundi wanaoijua ni wengi. Mzee alisema kama tulikuwa na wazimu, tungalichagua wazimu ule.

Lakini tulikuwa tumekwisha kulipa. Kulikuwa na kodi ya kuingiza motokari barabarani. Wakati ule, kwa moteri yenye nguvu kupita kilowati 155, ilikuwa euro 4,957 ikiwa mpya, nayo ilipungua kwa umri, hata motokari iliyopita miaka 15 ikalipa 61.50 tu. Yetu ilikuwa na miaka 11. Tulitoa euro 1,200. Hiyo haikutuumiza sana. Iliyotuumiza ni kodi ya kila mwaka, kwa maana hiyo inapima ukubwa wa moteri wala haiulizi umri. Euro 2,500! Asiransi ilikuwa 1,900, tena kwa jina la yaya peke yake, kwani kwa mdogo wetu walikataa wakisema ni kijana mno. Mwezi wa kwanza haujaisha, sanduku la miaka 6 lilikuwa tupu, nasi tulikuwa tumeongeza toka mifukoni.

Mwezi wa Februari 2019 klachi ikafa. Tulikuwa katikati ya njia panda, na basi lilikuwa nyuma yetu, na dereva wa basi alimjua yaya. Tuache hapo. Klachi ilikuwa euro 4,300, ingawa mdogo wetu aliifunga kwa mikono yake usiku bila malipo. Ni piesi tu hizo. Kisha zikafuata zile breki na mipira, kwani mkaguzi wa serikali alikataa kupiga muhuri, na wakati ule motokari ya umri kama wa yetu ilikaguliwa kila mwaka. Kuhusu esansi hatukuandika hesabu. Tuliona haya.

Mwezi wa Juni tukaamua kuuza. Walikuja watu wengi. Kila mmoja aliomba kuisikia moteri, kila mmoja alikaa akashika usukani, kila mmoja alipigwa picha na mwenzake. Wanne walituletea watoto wao. Kisha wakauliza kodi ya mwaka, tukajibu, wakatushukuru sana.

Wa pili wetu akasema tuipeleke Heyvaert. Wakongo wa Bruxelles wote wanajua Heyvaert. Ni mitaa ya Anderlecht na Molenbeek, karibu na machinjio, ambamo toka miaka ya 1980 motokari za zamani zinanunuliwa, zinajazwa magodoro na friji, zinapelekwa bandari ya Antwerpen, zinapanda meli kwenda Afrika. Mwenye duka mmoja, Mlebanoni, alitoka nje, akaitazama yetu kwa huruma. Akasema: "Wanangu, nikiwapa Toyota yenye kilometa 300,000, iko barabara Afrika inayoingojea, yuko fundi anayeijua, ziko piesi sokoni. Hii tumbo lake liko juu ya ardhi kwa kiganja kimoja. Itakwenda wapi?" Tukafikiri njia ya Kadutu wakati wa mvua, tukacheka wenyewe.

Na ndiyo kweli. Motokari ya kawaida ina sakafu chini yake. Inashuka bei, inashuka, kisha inakuta watu wa nchi nyingine wanaoihitaji kwa kazi, na hapo inasimama. Ya kwetu haikuwa na sakafu. Hakuna aliyeihitaji popote duniani. Walikuwapo wa kuitamani tu, na watu wa kutamani hawalipi.

Mdogo wetu hakukata tamaa upesi. Alirudi kwenye habari ya ile GTO. Yaya akamjibu kwa habari ya Jaguar XJ220, aliyoelezwa na abiria mmoja Mwingereza. Mwaka 1988 Jaguar walionyesha mfano wake huko Birmingham, wakaahidi moteri ya silinda kumi na mbili na nguvu katika magurudumu yote manne. Watu zaidi ya 1,000 walitaka, na waliokubaliwa walitanguliza pauni 50,000 kila mmoja. Wengi wao hawakutaka kuiendesha, walitaka kuiuza kwa faida siku watakapoipokea. Ilipofika mwaka 1992 moteri ilikuwa ya silinda sita, nguvu ilikuwa katika magurudumu ya nyuma tu, bei ilikuwa imepita pauni 400,000, na Uingereza ulikuwa katika shida ya fedha. Wengine walikataa kuipokea, wakaburutana mahakamani. Zilitengenezwa chini ya 300, na baadhi zilibaki bila mwenyewe miaka kadhaa, zikauzwa kwa bei iliyokatwa sana. Na hii ilikuwa motokari iliyowahi kwenda mbio kupita zote za kuuzwa! Basi hata uchache peke yake hautoshi.

Zinazopanda zipo, hatukatai. Ferrari Enzo zilikusudiwa kuwa 399. Ya 400 ilitengenezwa kwa ajili ya Papa Yohane Paulo wa Pili, naye akataka iuzwe, fedha ziwaendee watu walioumizwa na tsunami ya Desemba 2004. Iliuzwa mwaka 2005, baada ya kufa kwake, kwa euro 950,000, na mwaka 2015 iliuzwa tena, dola milioni 6 na zaidi. Lakini motokari ile ilikuwa moja duniani, yenye habari ambayo hakuna nyingine inayo. Ya kwetu ilikuwa na ndugu zake maelfu, na habari yake ilikuwa bahasha ya madeni.

Mwezi wa Septemba mwaka ule ule, 2019, tulipokuwa hatujapata mnunuzi, magazeti yakaandika habari ya mnada wa Bonmont, huko Uswisi. Motokari 25 za Teodoro Nguema Obiang, makamu wa rais wa Guinea ya Ikweta, zilikuwa zimekamatwa Geneva mwaka 2016. Kesi ilipofungwa, ilikubaliwa ziuzwe, fedha zitumike kwa faida ya watu wa nchi ile. Mnada ulifanyika mahali palipokuwa zamani monasteri ya Wasisitersi. Humo ilikuwamo Lamborghini Veneno ya wazi, ambayo zilitengenezwa 9 tu, bei yake mpya euro milioni 3.3 bila kodi. Ilinunuliwa kwa franga za Uswisi milioni 8 na robo. Wa pili wetu alisoma gazeti hilo kwa sauti, akalikunja, akasema: "Haya ni mambo ya watu wengine." Tulikuwa tumekaa jikoni, sote watatu, na chini dirishani tuliiona yetu imelowa mvua, ina jani juu ya kioo.

Tulikuwa hatujamwambia baba. Kila Jumapili alipiga simu baada ya misa, akauliza habari za kazi na baridi, na mwisho, kama kwa bahati, aliuliza kama fundi wa ukuta angoje bado. Tulimjibu fedha ziko benki, zimefungwa mpaka mwaka uishe. Yaya ndiye aliyesema uongo huo wa kwanza, nasi tuliurudia kila mmoja kwa zamu yake, hata ukawa kama sala ya Jumapili. Kati ya yote tuliyofanya, hilo ndilo tunaloona uzito kuliandika.

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha Bukavu siku tatu. Usiku wa tatu, saa tisa, udongo ulishuka. Uliangusha jikoni lote, ukaufunika mlango wa nyuma wa nyumba mpaka nusu. Mama huamka saa kumi kuwasha moto. Ilibaki saa moja tu. Watu wa shirika walikuja na majembe kabla ya mapambazuko, wakachimba, wakatoa masufuria yaliyopondeka, na mbuzi mmoja mfu. Mama alikuwa amesimama barabarani na blanketi, akiwahesabu wajukuu kwa kidole, akimaliza anaanza tena.

Siku ile tulimpigia baba tukamweleza yote. Tulizungumza kwa zamu, kama tulivyosema uongo kwa zamu. Alinyamaza muda mrefu, hata tukadhani simu imekatika. Kisha akauliza:

"Hiyo motokari inabeba watu wangapi?"

"Wawili, Baba."

"Na ninyi ni watatu."

Hakusema tena jambo hilo. Aliuliza kama kuna baridi.

Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa wa corona, na kwa miezi mingi hakuna aliyetaka hata kuisikia moteri. Mwezi wa Septemba ilinunuliwa na mtu anayefungua motokari na kuuza piesi zake. Alitoa euro 6,200, tena alisema angetoa kidogo zaidi kama klachi yetu isingekuwa na kilometa nyingi. Klachi yetu!

Tuliweka hesabu mezani. Kununua 17,500, kuingiza barabarani 1,200, kodi ya miaka miwili 5,000, asiransi ya miaka miwili 3,800, klachi 4,300, breki na mipira 3,150. Jumla 34,950. Tukitoa 6,200, tumepoteza 28,750. Tulikuwa tumekwenda kilometa 4,800 tu. Kila kilometa ilikula karibu euro 6, bila esansi.

Kisha wa pili wetu akachukua kalamu ile ile, akaandika majina ya wenye motokari kwa safu. Daktari alipoteza katika bei euro 54,000, mtu wa pili 24,000, wa tatu 16,500, na sisi 11,300. Kwa hesabu ya kushuka bei, sisi ndio tuliopoteza kidogo kuliko wote. Yaya aliitazama safu ile, akasema daktari labda hakuikumbuka hata mwaka mmoja. Mtu anaposema motokari ya anasa imeshuka bei nusu, anasema kweli, lakini nusu ya daktari na nusu ya dereva wa basi si kitu kimoja, ijapokuwa kwa kalamu ya kwetu ni ndogo.

Ukuta ulianza kujengwa mwezi wa Machi 2021, kwa zile 6,200 na mkopo alioutoa yaya kazini kwake, anaoulipa bado. Si mnene kama ule uliopimwa kwanza. Fundi alipandisha mawe mita mbili, akasema mita ya tatu tutaongeza Mungu akipenda. Masika mbili zimeupiga zaidi, nao umesimama. Jikoni ni la mbao, na mabati mapya.

Mwenye kununua vipande hakuuliza ufunguo wa pili, nasi tulisahau kumpa. Mdogo wetu alikuja nao Bukavu bila kutuambia, ndani ya soksi. Baba aliuona mezani, akaushika, akaugeuza. Una nembo ya rangi, na ngozi kidogo pembeni, ya rangi ya maziwa. Akauliza kama unafungua kitu. Tukasema haufungui kitu. Sasa ameufunga kwa uzi mmoja na ufunguo wa kufuli ya jikoni, kwa sababu ule wa kufuli ni mdogo, na mama alikuwa akiupoteza kila siku.